Tovuti ya Biashara: Usichague Jukwaa Kabla ya Kujua Mteja Atalipaje

Ni saa tatu usiku. Mteja ameona viatu vyako kwa Facebook, amevipenda, na ameandika: "Mko na website nione zingine na nilipe?" Unajibu, "Bado tunaitengeneza." Kesho yake unaanza kuulizia. Fundi wa kwanza anakuambia elfu themanini. Wa pili anasema elfu kumi na tano, na kazi itaisha kwa wiki moja. Binamu yako anakucheka: "Si utumie Wix tu, ni bure!" Unabaki umechanganyikiwa. Nani anasema ukweli?

Inawezekana wote watatu wanasema ukweli. Kila mmoja anaongea kuhusu kitu tofauti, na hakuna aliyekuuliza swali la muhimu: mteja wako atalipaje, na wewe utajuaje kwamba pesa imeingia?

Sisi tuko kwenye kazi ya malipo, kwa hivyo ni kawaida yetu kuanza na swali hilo. Lakini hata kama haungekuwa mteja wetu, tungekushauri vivyo hivyo. Rangi ya tovuti unaweza kubadilisha wiki ijayo. Ukigundua baada ya miezi mitatu kwamba jukwaa ulilochagua halipokei M-Pesa vizuri, utalazimika kujenga upya na kulipa mara ya pili.

Hebu tuende hatua kwa hatua.

Kwanza: unahitaji tovuti kweli?

Si kila biashara inahitaji tovuti leo. Kama una saluni na wateja wako wote wanatoka mtaa mmoja, kuna vitu viwili vya bure ambavyo vitakusaidia haraka zaidi. Cha kwanza ni kusajili biashara yako kwa Google, ili mtu akitafuta "saluni karibu nami" akuone kwenye ramani pamoja na namba ya simu na saa za kufungua. Cha pili ni WhatsApp Business, ambapo unaweza kupanga picha za bidhaa na bei zake kama katalogi. Ongeza namba yako ya Till hapo, na umeanza.

Tovuti inaanza kuwa na faida pale unapoona dalili kama hizi:

- Unajibu maswali yaleyale kila siku: bei gani, size gani iko, mnatuma Kisumu?
- Wateja wanatoka mbali, hawakujui, na wanataka kuona kwamba wewe ni biashara ya kweli kabla ya kutuma pesa.
- Oda zimekuwa nyingi hadi unachanganya nani amelipa na nani bado.
- Unataka kuuzia kampuni, shule au mashirika, ambao huangalia tovuti kabla ya kukupigia.

Kama hakuna hata moja inayokuhusu, weka pesa yako kwenye stoki kwanza. Tovuti itakungoja.

Vitu vitatu ambavyo watu huchanganya

Fundi akikuambia "nitakutengenezea website", anauza vitu vitatu kwa mkupuo. Vitenganishe.

*Domeni* ni jina la tovuti, lile ambalo mteja anaandika, kwa mfano jina la biashara yako likimalizikia na .co.ke. Majina yote yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, lakini unanunua kupitia wauzaji waliosajiliwa. Unalipa kila mwaka. Kwa .co.ke kawaida ni elfu moja na kitu, ingawa kila muuzaji ana bei yake, na wengine hushusha mwaka wa kwanza halafu wanapandisha wa pili. Uliza bei ya kulipia tena, usiulize ya kuanza peke yake.

*Hosti* ni mahali tovuti inakaa: kompyuta ya kampuni fulani inayowashwa usiku na mchana. Ni kama kupanga chumba. Usipolipa kodi, mlango unafungwa na wateja wanakuta ukurasa mtupu.

*Jukwaa* ni vifaa ulivyojengea: WordPress, Shopify, Wix, au msimbo ulioandikwa na fundi kutoka mwanzo.

Ukielewa tofauti hii, utaelewa kwa nini bei zinatofautiana. Binamu anaongea kuhusu jukwaa ambalo hosti iko ndani yake. Fundi wa elfu kumi na tano pengine amehesabu domeni na hosti ya mwaka wa kwanza pekee. Fundi wa elfu themanini pengine amehesabu kuunganisha malipo. Waambie wote wakuandikie: mwaka wa kwanza ni ngapi, na mwaka wa pili ni ngapi? Hapo ndipo utaanza kulinganisha vitu vinavyolingana.

Aina nne za majukwaa

1. Wix na Squarespace: nyumba ya kupanga yenye fanicha

Hapa unaingia, unachagua muundo, unaburuta picha na maneno mahali unapotaka, na umemaliza. Hauhitaji kujua chochote kuhusu msimbo. Hosti iko ndani ya bei. Kwa mtu ambaye anataka kuonyesha kazi yake, kama mpiga picha, mwalimu wa muziki au mshonaji wa nguo za harusi, ni njia nzuri.

Mpango wa bure wa Wix upo kweli. Lakini kwenye mpango huo tovuti yako ina matangazo ya Wix, hauwezi kutumia domeni yako mwenyewe, na hauwezi kupokea malipo hapo kwenye tovuti. Kwa biashara, "bure" ni ya kujaribu tu. Ukitaka kuuza, unalipia.

Na kama ilivyo kwa nyumba yenye fanicha, ukihama unaacha vitu. Wix hairuhusu ubebe tovuti nzima ukaiweke kwenye hosti nyingine. Utaondoka na maandishi na picha zako, ujenge upya.

2. Shopify: kibanda cha kupanga kilichojengwa kwa ajili ya kuuza

Shopify ni ya Canada, na imejengwa kwa kazi moja: duka. Kuhesabu stoki, oda, ada za usafirishaji, punguzo la bei, vyote viko ndani. Ukiwa na bidhaa nyingi na hutaki kusumbuana na mambo ya ufundi, inakupunguzia kazi sana.

Angalia mambo mawili kabla ya kuingia. La kwanza: Shopify ina huduma yake ya malipo, lakini huduma hiyo haipatikani Kenya. Kwa hivyo unatumia kampuni nyingine ya malipo, na Shopify inakukata ada ya ziada kwa kila mauzo kwa sababu hukutumia ya kwao. Kwenye mpango wa Basic ada hiyo ni asilimia 2. Ukiuza bidhaa za shilingi 200,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 4,000 juu ya ada ya mwezi na juu ya ada ya kampuni ya malipo. Kama faida yako kwa kila kiatu ni ndogo, piga hesabu vizuri.

La pili: unalipa kwa dola, kila mwezi. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufika katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Yaani mpango wa dola 30 ulikuwa shilingi 4,800 kisha ukawa 3,900, na wewe hukubadilisha chochote. Utahitaji pia kadi ya kulipia mtandaoni. Kama huna kadi ya benki, ile kadi ya Visa inayotengenezwa ndani ya M-Pesa inaweza kutumika, ila hakikisha kuna salio siku ya kukatwa. Malipo yakishindwa, duka linaweza kufungwa.

3. WordPress na WooCommerce: kujenga kwenye ploti yako

WordPress ilianza mwaka 2003, na leo tovuti nyingi duniani zinaitumia kuliko jukwaa lingine lolote. Ni programu huria: hulipii programu yenyewe. Unalipia domeni na hosti, na fundi kama unamhitaji. Ukitaka duka, unaongeza plagini ya WooCommerce, ambayo pia ni ya bure kuanza nayo.

Faida yake kubwa kwa Mkenya ni mbili. Mafundi wako wengi. Huyu akipotea, utapata mwingine anayeelewa kazi. Na kila kitu ni chako: unaweza kuchukua tovuti nzima ukahamia hosti nyingine wikendi moja.

Lakini ploti yako inahitaji ulinzi wako. Kuna masasisho ya WordPress na ya kila plagini. Ukiyaacha mwaka mzima, wezi wa mtandaoni wanapata mlango, na unaweza kuamka ukakuta tovuti yako inatangaza kamari. Kwa hivyo WordPress ina gharama iliyojificha: mtu wa kuiangalia kila mwezi, awe wewe ama fundi.

Jihadhari pia na majina yanayofanana. WordPress.org ndipo unapata programu ya bure unayoweka kwenye hosti yako. WordPress.com ni huduma ambayo inakuwekea tovuti kwao, na unachoruhusiwa kuongeza kinategemea mpango ulionao. Wengi hulipia ya pili wakidhani ni ya kwanza.

4. Kuandikiwa kutoka mwanzo: nyumba ya ramani yako

Hapa fundi anaandika msimbo wa tovuti yako peke yako, kwa kutumia vifaa kama Laravel au Django. Unapata kile hasa unachotaka. Kwa mfano, una mawakala thelathini wa chakula cha mifugo, kila mmoja ana bei yake na deni lake, na unataka kila malipo yapunguze deni la wakala husika moja kwa moja. Majukwaa ya kawaida yatakusumbua hapo.

Gharama ni kubwa, na hatari ni moja: anayeelewa nyumba hiyo ni aliyeijenga. Kama hana maandishi ya kuelezea kazi yake, akipata ajira kwingine unabaki na nyumba ambayo hakuna anayejua swichi ziko wapi. Usianze na njia hii kama biashara bado ni changa.

Sasa turudi kwa malipo

Kuna njia tatu za kuingiza malipo ya simu kwenye tovuti. Jukwaa lako lazima liweze angalau ile moja unayohitaji.

Njia ya kwanza: kuandika namba ya Till kwenye ukurasa. Mteja anasoma namba, anafungua simu, analipa, halafu anakutumia ujumbe wa M-Pesa. Jukwaa lolote linaweza hili, hata la bure. Kwa oda tano kwa siku inatosha kabisa.

Shida ni mbili. Mteja anaweza kukosea namba ama kiasi. Na kuna watu wanatuma ujumbe wa kutengeneza, unaofanana na wa M-Pesa hadi nukta ya mwisho. Sheria ni moja: usitume mzigo kwa sababu ya ujumbe ama skrinshoti ya mteja. Angalia simu yako ama taarifa ya akaunti yako mwenyewe. Kama pesa haionekani huko, haijaingia, hata mteja akikupigia simu amekasirika.

Njia ya pili: STK Push kupitia Daraja. Daraja ni mlango ambao Safaricom iliwafungulia watengenezaji wa programu mwaka 2017, ili tovuti iweze kuongea na M-Pesa. Mteja anaandika namba yake ya simu kwenye tovuti, ujumbe unatokea kwa simu yake ukiwa na jina la biashara na kiasi, na anaweka PIN hapo kwa simu. Hakuna kukosea namba. Pesa inaenda moja kwa moja kwa Paybill ama Till yako.

Tuliseme hili kwa herufi kubwa: PIN INAWEKWA KWA SIMU YA MTEJA PEKE YAKE. Tovuti yoyote inayomwambia mteja aandike PIN ya M-Pesa kwenye ukurasa ni ya wizi. Fundi wako akitengeneza kitu kama hicho, mfukuze.

Njia ya tatu: kupitia kampuni ya malipo. Hapa unaunganisha tovuti na kampuni moja, nayo inakupokelea M-Pesa, Airtel Money na kadi za benki kwa pamoja. Majukwaa mengi yana plagini tayari, kwa hivyo kazi ya fundi inapungua. Kwa upande mwingine, unakatwa ada kwa kila malipo, na pesa hupitia kwa kampuni hiyo kabla ya kufika kwako. Uliza maswali mawili: mnakata ngapi, na pesa inafika kwangu baada ya muda gani? Ukiwa na stoki ya kununua kila asubuhi, siku mbili za kungoja ni nyingi.

Kumbuka pia kwamba muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000. Ukiuza makochi ama safari za mbugani, mteja anaweza kuhitaji kulipa kwa awamu ama kwa kadi. Jukwaa lako liweze kupokea malipo nusunusu.

Kosa ambalo linawamaliza wengi

Hili ndilo tungependa ulishike hata kama utasahau mengine yote.

STK Push ina hatua mbili. Tovuti inaomba malipo, na M-Pesa inajibu haraka, "Sawa, nimepokea ombi lako." Jibu hilo halimaanishi kwamba mteja amelipa. Linamaanisha ujumbe umetumwa kwa simu yake. Jibu la pili, linalokuja baada ya mteja kuweka PIN, ndilo linasema kama pesa imeingia.

Tovuti iliyofanywa haraka husoma jibu la kwanza, inaandika "Asante, oda yako imelipwa", na wewe unafunga mzigo. Kumbe mteja alibonyeza kughairi. Unakuja kugundua jioni ukihesabu, na kiatu kiko kwenye basi la Kakamega.

Majibu ya pili huja na namba, na fundi wako anafaa kuzijua bila kufikiria:

- 0: malipo yamefaulu.
- 1: salio la mteja halitoshi.
- 1032: mteja ameghairi.
- 1037: simu haikupatikana ama mteja hakujibu hadi muda ukaisha.

Kabla ya kumlipa fundi pesa ya mwisho, mwambie aweke bidhaa ya majaribio ya shilingi 10. Kisha kaa naye na ufanye majaribio haya matano wewe mwenyewe, kwa simu yako:

1. Lipa kama kawaida. Oda isomeke "imelipwa", na pesa ionekane kwa akaunti yako.
2. Ujumbe ukitokea, ghairi. Oda isisomeke "imelipwa".
3. Ujumbe ukitokea, usiguse chochote hadi upotee. Tovuti imwambie mteja ajaribu tena.
4. Tumia laini isiyo na salio la kutosha. Mteja apate maelezo yanayoeleweka.
5. Lipa, halafu funga ukurasa mara moja. Fungua tena baadaye. Oda iwe bado inasomeka "imelipwa".

La tano ndilo linashinda tovuti nyingi. Wateja wetu wako kwa matatu, bando linakatika, simu inazima. Pesa ikishatoka kwa mteja, oda isipotee kwa sababu ukurasa ulifungwa. Mteja aliyelipa na akaambiwa hajalipa hatarudi, na ataambia wenzake.

Tovuti nyepesi, mteja mwenye furaha

Wateja wengi watafungua tovuti yako kwa simu, na kwa bando lao. Picha moja ya kamera ya simu inaweza kufika MB 4. Ukiweka picha ishirini hivyohivyo kwenye ukurasa mmoja, ni MB 80. Mtu aliyenunua bando la siku hataingoja. Picha hizohizo zikipunguzwa hadi KB 150 kila moja, ukurasa mzima unakuwa MB 3, na kwa simu macho hayaoni tofauti. Kabla ya kuchagua muundo wowote mzuri, ufungue kwa simu ya bei ya chini, ukiwa umezima Wi-Fi. Ukichoka kungoja, mteja atachoka kabla yako.

Mifano ya kukusaidia kuamua

*Una kinyozi ama saluni mtaani.* Google na WhatsApp Business zinatosha kwa sasa. Till yako iwe ukutani na kwenye katalogi. Nunua domeni tu kama jina lako ni zuri na hutaki mtu alichukue.

*Unauza viatu, una bidhaa kama hamsini, na unatuma kaunti zote.* WordPress na WooCommerce, pamoja na STK Push. Tenga pesa kidogo kila mwezi ya fundi wa kuangalia masasisho. Kama hutaki kabisa kusikia habari za masasisho na faida yako inaruhusu ile asilimia ya ziada, Shopify itakufaa.

*Una nyumba ya wageni Diani.* Wageni wa Nairobi watalipa kwa M-Pesa, wa Ujerumani watalipa kwa kadi. Hapa njia ya tatu ina maana zaidi, kwa sababu unapokea vyote sehemu moja. Jukwaa lolote ambalo kampuni yako ya malipo ina plagini yake linafaa. Uliza kampuni ya malipo kwanza, chagua jukwaa baadaye.

*Wewe ni mpiga picha ama mshonaji unayepatana bei na kila mteja.* Huhitaji duka. Wix ama WordPress rahisi ya kuonyesha kazi, na linki ya WhatsApp. Malipo utaomba kwa simu mkishapatana.

Makubaliano na fundi: yaandike

Mafundi wazuri wako, na hawataona vibaya ukiuliza haya. Ukiona mtu anakasirika, hiyo ni dalili.

- Domeni isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako. Ikiwa kwa jina la fundi, siku mkikosana tovuti yako ni yake. Wateja wako wote wanajua jina hilo.
- Uwe na nywila ya msimamizi ya tovuti, ya hosti na ya domeni. Kazi ikiisha, zibadilishe.
- Funguo za Daraja ni kama funguo za duka. Fundi atazihitaji ili kuunganisha, lakini nywila na PIN ya kuingia kwenye mfumo wa M-Pesa wa biashara yako usimpe. Ingia mwenyewe.
- Nakala ya tovuti ihifadhiwe kila wiki, mahali tofauti na hosti.
- Lipa kwa awamu: kiasi cha kuanza, kiasi ukiona tovuti, na cha mwisho baada ya majaribio matano ya malipo.
- Ukikusanya majina, namba za simu na anwani za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Kusanya tu unachohitaji ili kutuma mzigo, na usimpe mtu mwingine orodha hiyo.

Kwa kumalizia

Hakuna jukwaa ambalo ni bora kwa kila mtu. Lakini kuna maswali manne ambayo ukiweza kuyajibu, umechagua vizuri:

1. Mteja wangu atalipaje, na jukwaa hili linaweza?
2. Nitajuaje kwamba pesa imeingia, bila kutegemea neno la mteja?
3. Mwaka wa pili nitalipa ngapi, na kwa pesa gani, shilingi ama dola?
4. Nikitaka kuhama, nitaondoka na nini?

Yaandike kwenye karatasi kabla ya kukutana na fundi. Akiyajibu bila kuzungukazunguka, endelea naye. Akikuambia "hayo tutaona baadaye", mwambie na wewe deposit utaona baadaye. Na usiku ule mteja akiuliza kama mko na website, utamtumia linki, atachagua viatu, ataweka PIN kwa simu yake, na wewe utaona pesa kabla hujalala.